Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nimeambiwa huenda nina kisukari aina ya 2, sasa inakuaje?

Naishi na kisukari aina ya 2 mwenyewe, na watu wakishajua hilo basi huwa wananifuata pembeni na karatasi ya maabara mkononi wananiuliza hii maana yake nini. Wengi wao hawajathibitishwa, wapo pale katikati, wameambiwa "sukari yako iko juu kidogo, rudi upime tena", alafu wakarudi nyumbani na hofu nzima nzima. Ukurasa huu ni wao. Mimi sio daktari na haya hayachukui nafasi ya daktari, ila yatakusaidia uende kwake ukiwa unajua unauliza nini. Na kama kuna jambo moja nataka ulishike ni hili: usikae kwenye "labda" muda mrefu, nenda kathibitishe, maana labda inachosha kuliko jibu lenyewe.

Nimepima mara moja tu ikaonekana iko juu. Tayari nina kisukari?

Bado. Kama huna dalili zozote, jibu moja halitoshi, yanatakiwa mawili yanayokubaliana. Inaweza kuwa vipimo viwili tofauti kwenye damu ya siku hiyo hiyo (mfano sukari ya kabla ya kula na HbA1c, yani kile kipimo cha sukari ya miezi michache iliyopita, vyote vimevuka mstari), au kipimo kile kile kurudiwa siku nyingine. Ila kama una dalili za wazi, yani kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, kupungua uzito bila sababu, na sukari yako ya muda wowote imefika 11.1 mmol/L au zaidi, hapo daktari hahitaji kusubiri kipimo cha pili.

Namba zenyewe ni zipi?

Sukari ya kabla ya kula, yani umekaa angalau masaa 8 bila kitu zaidi ya maji: 7.0 mmol/L kwenda juu ni kisukari. HbA1c: asilimia 6.5 kwenda juu. Kile kipimo cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi alafu unapimwa baada ya masaa mawili: 11.1 kwenda juu.

Chini ya hapo kuna eneo la katikati ambalo watu wanaita prediabetisi, yani hujafika ila unaelekea. HbA1c ya 5.7 mpaka 6.4, au ile ya masaa mawili ikiwa 7.8 mpaka 11.0. Kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula, Wamarekani wanaanzia kuhesabu 5.6 wakati Shirika la Afya Duniani linaanzia 6.1, ndio maana mtu mmoja mwenye 5.8 anaweza kuambiwa yuko sawa sehemu moja na kuambiwa ajiangalie sehemu nyingine, na wote hawajakosea.

Kingine angalia kipimio kilichoandikwa pembeni ya namba. Kuna maabara zinaandika mmol/L na nyingine mg/dL, ukitaka kubadilisha unazidisha au kugawa kwa 18. Mtu anaona 126 anashtuka vibaya sana wakati mwenzake ana 7.0 kwenye karatasi yake, na ni kitu kile kile.

HbA1c inapima nini hasa?

Sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zinaishi kama miezi mitatu mpaka minne hivi, kwa hiyo kipimo cha kidole ni picha ya dakika ile na HbA1c ni kama mkanda wa video wa miezi miwili mitatu iliyopita. Huna haja ya kufunga kula ili kuipima. Ila sikiliza hapa vizuri: kama una selimundu, upungufu wa damu, una mimba, umeongezewa damu karibuni au umepoteza damu nyingi, HbA1c inaweza kudanganya, ikaja juu au chini kuliko ukweli. Mwambie daktari kabla hajakuandikia, atatumia kipimo kingine.

Nimetumia mashine ya nyumbani ya kuchoma kidole. Niamini?

Iamini kama ishara, usiiamini kama hukumu. Mashine nzuri tu inaruhusiwa kupishana na maabara kwa kama asilimia 15, kwa hiyo 6.5 ya kweli inaweza kusomeka 7.4 na mashine haijaharibika. Alafu kuna mambo madogo ya mkono. Mtu amemenya tunda, kajifuta kwenye nguo, kachoma kidole kile kile, tone la kwanza la damu limechanganyika na utomvu uliobaki kwenye ngozi, mashine inasoma 13 na nyumba nzima inaingia msiba. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa (maji nayo yanapunguza damu makali), choma ubavuni mwa ncha ya kidole sio katikati, na angalia tarehe ya mwisho kwenye kichupa cha stripu (vile vijikaratasi vya kupimia). Kichupa kilichoachwa wazi kinaharibu stripu pia. Ukirudia kwa mkono safi na bado iko juu, hapo nenda maabara.

Kuna kitu kingine kinaweza kuwa kimepandisha sukari?

Ndio, kipo. Dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni zinapandisha sana, na watu wengi wanapewa kwa ajili ya pumu, mzio au maumivu ya viungo bila kuunganisha mambo. Maambukizi makali, upasuaji, ajali, hata kukosa usingizi na stresi kali vinapandisha kwa muda. Ila usilichukue kama ruhusa ya kusahau, mara nyingi ugonjwa au dawa inafichua tatizo ambalo lilikuwa linakuja taratibu. Ukishapona, rudi upime tena.

Nisubiri kipimo cha pili huku nimeacha kabisa wanga ili kitoke vizuri?

Usifanye hivyo. Unachotaka ni kujua hali yako, sio kushinda mtihani. Kama utapimwa kwa kunywa glukosi ndio kabisa, siku tatu kabla unatakiwa ule kawaida pamoja na wanga, ukijinyima unaweza kuonekana mbaya kuliko ulivyo. Soda na juisi unaweza kuacha hata leo, hiyo haina hasara kwa yeyote. Mabadiliko makubwa ya chakula yaache mpaka damu ya kipimo cha pili iwe imeshatoka, ni siku chache tu.

Ni wakati gani sitakiwi kusubiri appointimenti?

Kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu na haraka, pumzi inayonuka kama matunda yaliyoiva sana, kusinzia sinzia au kuchanganyikiwa, kukauka mwili huku unakojoa sana. Yoyote kati ya hizo pamoja na sukari ya juu ni hospitali sasa hivi, usiku au mchana. Mashine ikiandika HI badala ya namba maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma, hiyo nayo usilale nayo.

Nina uhakika gani kama ni aina ya 2?

Mtu mzima anaweza kupata aina ya 1, sio ugonjwa wa watoto peke yao. Kama ni mwembamba, umepungua uzito haraka, kiu imekuja ghafla ndani ya wiki chache, au vidonge havishushi chochote, muulize daktari wazi wazi kama kuna haja ya kupima antibodi na C-peptaidi, vipimo vya damu vinavyosaidia kutofautisha aina hizi mbili. Ni muhimu kwa sababu mwenye aina ya 1 anahitaji insulini tangu mwanzo, vidonge peke yake havimtoshi. Kuna watu wametibiwa kama aina ya 2 kwa miaka kabla ya hili kugundulika.

Na kama una mimba sema mapema kabisa, huko vipimo na mistari yake ni tofauti.

Nimejisababishia mwenyewe? Ni kwa sababu ya sukari niliyokuwa nakula?

Swali hili watu wanauliza kwa sauti ya chini kuliko mengine yote. Jibu ni kwamba hakuna mtu anayepata kisukari aina ya 2 kwa sababu moja. Kinachotokea mwilini ni kwamba misuli na ini vinaacha kuitikia insulini vizuri, kongosho linajaribu kufidia kwa kutoa nyingi zaidi, na baada ya miaka linaanza kushindwa, ndipo sukari inabaki kwenye damu. Kwa nini kwako na sio kwa jirani yako mnaokula sawa? Urithi una mkono mkubwa sana, mzazi au ndugu wa damu akiwa nacho hatari yako inapanda. Umri, mafuta yanayokaa tumboni na kwenye ini, kukaa muda mrefu bila kutembea, kisukari cha mimba huko nyuma, usingizi mbovu, baadhi ya dawa. Uzito unachangia kweli, siwezi kukuficha, na vinywaji vya sukari vinachangia, ila kuna wanene wengi hawatakipata maisha yao yote na kuna wembamba wanacho.

Kwa hiyo mtu akikwambia "si ulikuwa unapenda vitamu wewe", hajui anachosema. Aibu ina madhara ya kweli kabisa, inamfanya mtu aruke kliniki, afiche vidonge, asimwambie mke au mume. Nimeona watu wanakaa mwaka mzima na majibu kabatini kwa sababu ya maneno ya namna hiyo, na inaniuma kila ninapoona.

Silali. Nakesha mtandaoni nasoma habari za kukatwa miguu na upofu. Nifanyeje?

Pole sana ndugu yangu, hilo ni la kawaida kuliko unavyofikiri na halimaanishi wewe ni muoga. Kwanza ujue kwamba madhara hayo unayoyasoma yanatokana na sukari kukaa juu kwa miaka bila kudhibitiwa, mara nyingi pamoja na presha na sigara. Hayatokei kwa sababu umepima wiki hii. Nchini Uingereza kulikuwa na utafiti mkubwa wa muda mrefu kwa watu waliokuwa ndio wamegundulika, unaitwa UKPDS, majibu yake yalitoka mwaka 1998, na ulionyesha kwamba kushusha sukari kunapunguza madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo. Walipofuatiliwa miaka 10 mbele, waliodhibiti mapema walikuwa bado wanafaidika hata baada ya tofauti ya sukari kati ya makundi kupotea. Yani kugundua mapema ndio upande mzuri wa habari hii mbaya.

Sasa kwa usiku wenyewe. Andika kwenye karatasi maswali yako yote, weka pembeni, hayo ni ya daktari sio ya saa nane usiku. Chagua mtu mmoja umwambie. Kusoma soma kuwekee muda mchana, nusu saa inatosha, na soma jambo moja tu, mfano jinsi ya kuandaa sahani, usisome madhara ishirini kwa mpigo. Kulia ruksa. Kukasirika ruksa. Kuna siku utajisikia uko fiti kabisa na kuona kama wamekosea maabara, hilo nalo linapita kwa watu wengi, lakini kipimo cha pili kipo kwa ajili hiyo hiyo, nenda kachukue jibu.

Kama zimepita wiki mbili bado huna hamu ya kitu chochote, huli au unakula bila kuacha, au mawazo ya kutaka kufa yanakuja, mwambie mhudumu wa afya bila kuzunguka zunguka. Msongo wa mawazo unaenda sana sambamba na kisukari na una matibabu yake. Mawazo ya kufa yenyewe hayasubiri wiki mbili, tafuta mtu siku hiyo hiyo.

Nimwambie nani?

Mnayekula pamoja, basi, wengine watasubiri. Ndugu wa damu waambie ukishathibitishwa, sio kwa ajili yako bali kwa ajili yao, wakapime. Kazini ni uamuzi wako, isipokuwa kama unaendesha magari au mitambo na umeanzishiwa dawa inayoweza kushusha sukari sana.

Nile nini sasa?

Watu wanategemea orodha ndefu ya marufuku. Anza na sahani. Nusu yake mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo wanga. Chakula kile kile unachokula nyumbani, kilichobadilika ni vipimo. Wanga haujakatazwa, umepunguzwa, na ukiwa wa nafaka isiyokobolewa unapanda taratibu zaidi. Vinywaji ndio pa kuanzia kwa sababu sukari ya majimaji inaingia kwenye damu haraka na haishibishi.

Kuna kitu kidogo nakipenda: anza kula mboga na protini, wanga mwisho. Sukari baada ya mlo inapanda kidogo kuliko ukianza na wanga, na haikugharimu chochote. Kuruka milo ili kufidia huwa kunaishia kwenye kula kwa pupa jioni, sikushauri, na ukiwa kwenye insulini au vidonge vya kushusha sukari ni hatari kabisa.

Matunda je?

Unakula. Tunda zima, kiasi, sio juisi yake hata kama umeikamua mwenyewe. Asali na sukari ya brauni ni sukari.

Mazoezi lazima niende jimu?

Hapana. Lengo linalotajwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa kasi kidogo, kutembea kunatosha. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kwenye damu hata kama insulini haiitikiwi vizuri, ndio maana dakika 10 au 15 za kutembea baada ya kula zinaonekana kwenye mashine. Pima kabla ya mlo, pima masaa mawili baada, siku moja ukiwa umekaa na siku nyingine ukiwa umetembea, mlo ule ule. Ukiona tofauti kwa macho yako mwenyewe hutahitaji mtu wa kukuhubiria. Mazoezi ya kuongeza nguvu za misuli mara mbili kwa wiki nayo yanasaidia, hata kwa uzito wa mwili wako tu.

Nitaanzishiwa dawa moja kwa moja? Na ukianza ndio basi maisha yote?

Inategemea namba zako. Mara nyingi inaanza metfomini, ipo tangu 1957 huko Ufaransa kwa hiyo inajulikana vizuri. Inasumbua tumbo mwanzoni, kuharisha, gesi, kichefuchefu, ndio maana wanaanza na dozi ndogo wakipandisha taratibu, na unaimeza pamoja na chakula. Ikikushinda usiache kimya kimya, uliza ile inayoyeyuka polepole. Ukiitumia miaka mingi vitamini B12 inaweza kushuka, omba ipimwe. Na figo zikiwa dhaifu sana haitumiki.

Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Vidonge vingine kama glibenklamidi na gliklazidi, na insulini, vinaweza. Ukisikia kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio, njaa kali, pima, ikiwa chini ya 3.9 chukua kama gramu 15 za sukari ya haraka (glasi ndogo ya juisi au soda ya kawaida, hapo ndio kazi yake), subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia.

Ukipewa insulini usidhani umefika mwisho. Wakati mwingine inatolewa mwanzoni kwa sababu sukari ilikuwa juu sana, ikitulia inaondolewa.

Dawa za asili zinatibu?

Metfomini yenyewe chanzo chake ni kemikali ya mmea unaitwa Galega officinalis, kwa hiyo sina dharau na mimea. Tofauti ni kwamba hii imepimwa, dozi inajulikana, madhara yanajulikana. Hakuna mmea uliothibitishwa kuponya kisukari. Anayekwambia uache vidonge ili dawa yake "ifanye kazi vizuri", kimbia. Kama unatumia kitu mwambie daktari, baadhi vinashusha sukari juu ya dawa yako na vingine vinaumiza figo au ini.

Kinapona?

Neno wanalotumia madaktari ni remisheni: HbA1c chini ya 6.5 kwa angalau miezi mitatu bila dawa za sukari. Inawezekana. Kwenye utafiti wa DiRECT huko Uingereza, uliotolewa 2017, watu waliokuwa na kisukari kisichozidi miaka 6 waliwekwa kwenye mlo wa kama kalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano chini ya usimamizi, na baada ya mwaka asilimia 46 walikuwa kwenye remisheni. Miaka miwili ilipofika wakabaki asilimia 36, mara nyingi uzito ukirudi sukari nayo inarudi. Usijaribu mlo huo peke yako, hasa ukiwa na dawa za sukari au presha. Na usipofika remisheni hujashindwa, wapo ambao kongosho lao limechoka zaidi, sukari iliyodhibitiwa kwa dawa ni ushindi kamili.

Kama ni prediabetisi tu?

Hapo una nafasi kubwa. Utafiti wa DPP wa Marekani, 2002, ulipunguza idadi ya wanaofikia kisukari kwa asilimia 58 kwa kupunguza uzito kidogo (lengo lilikuwa asilimia 7 ya uzito wa mwili) na zile dakika 150 za kutembea. Metfomini ilipunguza asilimia 31. Pima kila mwaka.

Naona ukungu ukungu. Nikanunue miwani?

Subiri kwanza. Sukari ikipanda na kushuka lenzi ya jicho inabadilika umbo, miwani ya leo haitakufaa baada ya wiki kadhaa sukari ikitulia. Ila uchunguzi wa nyuma ya jicho, ule wa kupanua mboni kwa matone, huo usisubiri, unatakiwa pale pale unapothibitishwa na aina ya 2. Ukiona ghafla vivuli, vidoa vinavyoelea vingi au sehemu imeziba, ni dharura.

Nikithibitishwa, niombe nini kingine siku hiyo?

Presha, mafuta ya damu, kreatinini kwa ajili ya figo, mkojo kupimwa albumini (protini inayovuja figo zikiumia), macho, na miguu. Miguu daktari anatakiwa aishike, aguse na ule uzi laini wa plastiki akuulize unasikia au husikii, vua soksi hata asipokwambia. Nyumbani angalia nyayo na katikati ya vidole kila siku, na pitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, kwa mtu aliyeanza ganzi kijiwe kidogo kinaweza kufanya kidonda bila yeye kujua. Uliza pia lengo lako la HbA1c ni ngapi, kwa wengi ni chini ya 7 ila kwa mzee au mtu mwenye magonjwa mengine linaweza kulegezwa. Alafu tarehe ya kurudi, mwanzoni huwa miezi mitatu.

Na kipimo cha pili kikija kizuri?

Kama vipimo viwili vinapingana, kile kilichokuwa juu ndio kinachorudiwa, na kikishuka chini ya mstari wengi wanaambiwa warudi baada ya miezi mitatu mpaka sita. Kama vyote viko sawa kabisa, pima tena ndani ya miaka mitatu, mapema zaidi ukiongezeka uzito, ukipata mimba, ukianzishiwa steroidi au dalili zikirudi. Karatasi zote mbili tunza, piga picha uweke kwenye simu, daktari ajaye atataka kuona ilikuwa ngapi na lini.